Jubilei Huanza na Kadi ya Mchango

Huku Rungwe sherehe ya kanisa huanza na kadi ya mchango. Mzee wa kanisa anapita nayo nyumba hadi nyumba, nawe unaandika ahadi yako: elfu kumi, mkungu wa ndizi, debe la maharage. Jumapili ibada ikiisha kuna mnada nje ya kanisa. Yai moja hununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena, hata bei yake ikampita kuku aliyelitaga. Hakuna anayeshangaa.

Sisi Wamoraviani tuna jubilei kubwa mbele yetu. Tarehe 21 Agosti 2032 itatimia miaka 300 tangu Leonard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, watoke Herrnhut, Ujerumani, wakaenda kwa miguu hadi Copenhagen kutafuta meli. Desemba 1732 wakafika kisiwa cha St. Thomas, Karibi. Aliyeamsha safari hiyo ni mtu mweusi aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa hicho, Anton Ulrich, aliyewasimulia habari za dada yake aliyebaki huko akitamani kusikia Injili. Wamisionari wa Herrnhut walifika Rungwe mwaka 1891, na leo hakuna nchi yenye Wamoraviani wengi kuliko Tanzania.

Kamati nazijua. Zitaanza na kitenge: rangi gani, na nembo yetu, Mwanakondoo mwenye bendera, ikae kifuani au mgongoni. Niliwahi kukaa kikao cha saa tatu kwa jambo hilo tu, chai ikapoa.

Desturi ninayoipenda mimi haina kamati. Alfajiri ya Pasaka, giza halijatoka, ushirika mzima unakwenda makaburini. Umande unalowesha viatu, watoto wanasinzia migongoni mwa mama zao, mara tarumbeta zinalia na liturujia inaanza katikati ya waliolala, mpaka kunapambazuka. Ibada hiyo ilianzishwa na vijana wa Herrnhut, Pasaka ya mwaka huohuo wa 1732.

Herrnhut walikuwa na desturi nyingine: muumini aliandika mwenyewe habari za maisha yake, zisomwe siku ya kuzikwa kwake. Maelfu ya maandishi hayo yangali yametunzwa huko. Sisi pia tunasoma wasifu wa marehemu, ila wetu huandikwa usiku wa msiba na mjukuu mwenye mwandiko mzuri, tarehe za kukisia, mistari kumi imekwisha. Ndiyo maana wazee wetu wengi waliofundisha wageni Kinyakyusa, wakabeba mizigo yao, wakahubiri vijijini kabla barabara hazijafika, hawana hata ukurasa mmoja.

Kitenge kitachapwa hata miezi mitatu kabla ya sherehe. Bibi yako hana ahadi na 2032. Jumapili hii nenda na daftari, kaa naye jikoni, umwulize alibatizwa wapi, na nani aliyemfundisha nyimbo. Andika kama anavyosema.