Msiulize Riwaya Mpya Ina Funzo Gani

Kila inapotoka riwaya mpya ya Kiswahili, swali la kwanza ni lile lile: ina mafunzo gani? Lingeulizwa na mtoto wa skuli anayejiandaa na mtihani tungelielewa. Linaulizwa na watu wazima, wasomaji wa kweli, waliokwisha kuzimaliza Kuli na Utengano na Kasri ya Mwinyi Fuad na sasa wanatafuta kitu kipya cha kusoma. Na sisi tunaopendekeza vitabu, yaani walimu, wakutubi, wahakiki na wauza vitabu, tunalijibu bila hata kufikiri: hii inafunza ubaya wa rushwa, ile inatetea haki za mwanamke, nyingine inaonya juu ya tamaa. Msomaji anashukuru, ananunua, anasoma kurasa thelathini, anakiweka kitabu kando na hakigusi tena. Baadaye anasema riwaya za siku hizi hazina ladha. Huenda riwaya ile haina kosa lolote. Kosa ni la aliyempelekea kitabu kwa kipimo kisichopima kitu.

Ushahidi uko kwenye rafu zetu wenyewe. Chukua riwaya nne ambazo msomaji yeyote mzoefu anazijua: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Rosa analelewa na baba mkali, na akitoka tu mbele ya macho yake anapotea. Rehema, bintiye Fuad, ananyimwa haki yake katika mali ya baba aliyemzaa. Maimuna anafungiwa ndani na Bwana Maksuudi, na siku anapotoroka anaangukia dunia ambayo hakuna aliyemfundisha. Yasmin anaozwa kwa Raza, mume aliyemzidi umri kwa mbali, anamkimbia, na anampenda Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni. Andika sasa mafunzo yao katika karatasi: wazazi wasiwafungie mabinti zao, ndoa ya kulazimishwa ni dhuluma, mamlaka ya wanaume yasiyo na mipaka yanaangamiza, mali isitangulizwe mbele ya utu. Karatasi moja inatosha vitabu vyote vinne. Kilichoandikwa juu ya kimoja kinaweza kuhamishiwa kingine kwa kubadilisha majina tu.

Lakini mpe msomaji mmoja vitabu vyote hivyo uone. Kezilahabi anaandika kwa sentensi fupi na kavu, hambembelezi mhusika wala msomaji, na anayetaka kufarijiwa ataumia. Mohamed Suleiman hana haraka. Anaijenga dunia yake kidogo kidogo kwa Kiswahili kilichopigwa msasa, na anayetaka tukio kila ukurasa atamkimbia. Said Ahmed Mohamed anaishindilia sentensi yake tamathali na msamiati wa visiwani, kiasi kwamba msomaji wa bara husimama mara kwa mara kuuliza maana, wakati wa Pemba anapita kama aliye nyumbani. Shafi anawaachia wahusika wake waseme. Mazungumzo yanabeba hadithi, mitaa ya Unguja inasikika, kurasa zinakwenda mbio. Kuna watu waliokisoma Vuta N'kuvute kwa siku mbili wakashindwa kuimaliza Nyota ya Rehema, na kuna wenye ladha ya kinyume chake. Wote wana akili timamu na wote wanajua kusoma. Walichotofautiana ni mwendo, sauti na kiasi cha uchungu ambacho mtu yuko tayari kuchukuliana nacho. Hayo ndiyo yanayoamua kama kitabu kitamalizwa, na hayo ndiyo orodha ya mafunzo haiyataji hata mara moja.

Hali huwa mbaya zaidi kwa vitabu ambavyo funzo lake halichopoleki. Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliandika riwaya fupi mno zisizofuata njia ya hadithi tuliyoizoea, na wengi waliozifungua wakitafuta funzo walizifunga wakisema hazieleweki. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) hupendekezwa kwa maneno kwamba inawakemea wakubwa wanaowasahau watu wao. Ni kweli inawakemea. Lakini msomaji hakuambiwa kwamba mzuka wa babu unamtembelea mjukuu wake K na kumzungusha katika dunia ambamo ndoto na uhai havina mpaka. Anayependa mambo hayo angeikimbilia. Asiyeyapenda angejua mapema kwamba hapa si pake. Pendekezo letu limewakosa wote wawili. Vivyo hivyo kwa Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002): ukisema ni riwaya ya utandawazi umesema neno la darasani, na hukumsaidia mtu anayetaka kujua jioni yake ataitumiaje.

Ugonjwa huu una chanzo, na chanzo hicho si wasomaji. Soko la riwaya ya Kiswahili, Tanzania na Kenya, linaegemea skuli. Kitabu kikiteuliwa kinauzwa. Kisipoteuliwa, mchapishaji anahesabu hasara. Kenya, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipomaliza zamu yake iliingia Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na nyuma ya kila moja ukafuata msururu wa miongozo: maudhui, dhamira, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Silaumu mtihani kwa kuwa mtihani. Mtahini lazima awe na kitu cha kusahihisha, na dhamira inasahihishika kuliko ladha. Ninachokilaumu ni sisi, watu wa fani, kuuchukua mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kutoa alama na kuupeleka kwa mtu ambaye hatafanya mtihani wowote, anayesoma kwa sababu anapenda kusoma. Huyo tunamharibia raha yake ya pekee kwa uvivu wetu.

Na hapa niseme juu ya dawa ya kienyeji inayouzwa kila mahali, ile ya kusoma mwongozo au muhtasari kwanza ili kujua kama kitabu kinafaa. Siku hizi muhtasari unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata kitabu chenyewe hakijafika kisiwani kwetu Pemba. Haifai, na sababu ni nyepesi. Muhtasari unakuhifadhia matukio na kukutupia lugha, ilhali lugha ndiyo unayoinunua. Chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), iliyotolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Muhtasari utasema: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kulipia deni la baba yake, anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, na utawala wa Wajerumani unakaribia. Ukishajua hayo bado hujajua lolote kuhusu kukisoma. Hujui kwamba kitabu hakimwelezi Yusuf kila anachopaswa kukijua, na kwamba wewe pia utabaki gizani pamoja naye. Hujui kwamba hakimalizii kwa hukumu. Mwongozo utalazimika kukibandika funzo, labda kwamba mtoto asiwekwe rehani, na msomaji hodari ataona ni jambo analolijua tangu utotoni, asione haja ya kutoa fedha.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na ya kwanza ni nzito. Watasema fasihi yetu ni ya mawaidha tangu zamani. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, na hakuna aliyeona aibu kutafuta funzo ndani yake. Kweli. Lakini nasaha za aina ile zilitolewa na mama wengi kwa mabinti wengi, na utenzi ule umesalia kwa sababu ya namna ulivyotungwa. Hapa Pemba ushahidi uko karibu zaidi. Ali bin Said, maarufu kwa jina la Kamange, na mwenzake Sarahani bin Matwar, walitunga na kujibizana kwa mashairi katika karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini, na tungo zao zikahifadhiwa vifuani na katika hati kwa miaka mingi hadi zilipokusanywa kitabuni mwaka 2011 katika Kale ya Washairi wa Pemba, kwa uhariri wa Abdilatif Abdalla. Watu hawahifadhi shairi kwa kifua kwa miaka mia kwa sababu lina ujumbe. Ujumbe unaweza kusemwa kwa maneno yoyote. Wanalihifadhi kwa sababu maneno yale hayabadilishiki. Basi anayesema kwamba kujali namna ya usemi ni mambo ya wasomi wa chuo kikuu, awaulize wazee wa kisiwa hiki walikuwa wakishangilia nini mshairi alipomjibu mwenzake.

Pingamizi ya pili ni ya wazazi: tusipouliza mafunzo tutajuaje kama kitabu kina maneno au matendo yasiyofaa nyumbani? Hofu hiyo ni ya haki, lakini funzo haliwezi kuijibu. Rosa Mistika ina funzo zito kuliko vitabu vingi, na bado ilipotoka ilipigwa marufuku maskulini kwa sababu ya mambo inayoyaeleza. Miaka ilipopita ikawa kitabu teule. Funzo lilikuwa lile lile nyakati zote mbili. Mzazi anayetaka kujua kama kuna ulevi, ukahaba au umwagaji damu ndani ya kitabu aulize hivyo waziwazi, naye ajibiwe waziwazi, bila kufichwa nyuma ya neno «maadili».

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa ni ya masafa na fedha. Msomaji wa Shumba, huku kaskazini ya Pemba katika Wilaya ya Micheweni, hana duka la vitabu la kuingia akafunua kurasa na kutoka bila kununua. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kinavuka bahari, kinashushwa bandarini, kinapanda gari hadi Konde na mbele yake, mara nyingi mikononi mwa mtu aliyeagizwa. Kikifika na kisifae, hakirudi. Ndipo watu husema: afadhali tuchague chenye mafunzo, angalau fedha isipotee. Mimi nasema kinyume chake. Kwa kuwa msomaji huyu hawezi kujaribu mwenyewe, ndiye anayedai pendekezo sahihi kuliko mkaazi wa jijini. Wa jijini akipotoshwa anapoteza mchana mmoja. Wa Shumba anapotoshwa kwa msimu mzima, na akipotoshwa mara mbili mfululizo anaacha kununua riwaya mpya, anarudia Kuli mara ya sita, na tunakuja kumlaumu kwamba hasomi waandishi wa leo.

Basi ulizeni vyengine. Msomaji amwambie anayempendekezea ni kitabu gani cha mwisho ambacho hakutaka kiishe, na kipi alikiacha njiani na kwa nini. Cha pili kinasema mengi kuliko cha kwanza. Aombe kurasa mbili za mwanzo zipigwe picha na kutumwa kwa simu, zenyewe kama zilivyo, si muhtasari. Kurasa mbili zinatosha kuonyesha mwendo na sauti, na zinaheshimu haki ya mwandishi. Tuzo ichukuliwe kama dalili tu: Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza, Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon zote zilipata tuzo ya Mabati-Cornell, na hakuna sababu ya kudhani aliyependa moja atazipenda zote. Neno «mpya» lisiwatishe. Riwaya ya 2001 ni mpya kwa ambaye hajaifungua. Waliopo jirani waagize kwa pamoja, vitabu tofauti, wabadilishane. Aliyependa Nagona ajaribu Babu Alipofufuka. Aliyependa Utengano asome kurasa za mwanzo za Mungu Hakopeshwi kabla ya kuamua. Anayetaka upelelezi wa kasi unaovuka mabara atafute Kolonia Santita ya Enock Maregesi.

Kwa wenzangu tunaopendekeza vitabu, ombi langu ni moja: kila unapomsifia mtu riwaya mpya, mtajie pia msomaji ambaye haitamfaa, na useme sababu. Ukishindwa kumtaja, bado hujakisoma kitabu kiasi cha kukipendekeza. Na kwa yule aliyeimaliza Vuta N'kuvute na anauliza leo asome nini, Peponi ipo kwa Kiswahili tangu 2022. Aanze na hiyo.