Kuruka ni Kazi ya Farasi, Kukaa ni Kazi Yako

Mwalimu yeyote anayefundisha kupanda farasi huko Karen au Lang'ata, Nairobi, amelisikia swali hili hadi masikio yamelizoea. Mtoto ameshuka garini na kofia mpya, mzazi ameshalipia masomo ya mwezi, na hata kabla farasi hajatolewa bandani swali limetoka: nitaruka lini?

Si swali la kulaumiwa. Aliyetazama Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alimwona Mjerumani Christian Kukuk akitwaa dhahabu kwenye uwanja wa Versailles, juu ya farasi wake Checker 47, wakipita viunzi vinavyofika mita 1.65. Kila mzunguko ulimalizika chini ya dakika mbili, na kwa mtazamaji ilikuwa raha tupu. Lakini farasi hahitaji sana mtu wa kumfundisha kunyanyua miguu. Mwache malishoni, akikuta mtaro au gogo ataruka mwenyewe akipenda. Anayekwenda shule ni binadamu, na somo lake kubwa ni kukaa juu ya mnyama wa kilo 450 au zaidi bila kumharibia kazi anayoijua. Masomo yote, tangu siku ya kwanza hadi kiunzi cha kwanza, yamepangwa kwa ajili ya jambo hilo.

Kazi huanzia bandani

Shule nzuri haimkabidhi mwanafunzi farasi aliyekwisha tandikwa. Humpeleka kwanza kwa saisi, yaani mtu anayemlisha farasi, kumsugua, kumtandika na kulala akijua kama amekula. Saisi ndiye anayejua farasi yupi hapendi kuguswa masikio, na yupi hujaza pumzi kifuani mkanda wa tandiko unapofungwa. Huyo wa pili asipoangaliwa, tandiko litalegea na mpandaji ataning'inia ubavuni. Ndiyo maana mkanda hukazwa bandani, kisha hukaguliwa tena farasi akishatembea kidogo, kabla mtu hajapanda.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa nyuma yake hasa na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kumwendea kutoka upande wa bega huku akiongea, ili asimshtue.

Kisha kuna kwato. Unasimama ubavuni ukiwa umeelekea mkiani, unateremsha kiganja polepole kutoka begani hadi chini ya goti, unabana kidogo nyuma ya mguu na kuusubiri unyanyuke. Kwa ndoano ya chuma unachokonoa tope na vijiwe, ukianzia kisiginoni kuelekea nchani, na kuikwepa ile sehemu laini yenye umbo la V iliyo katikati. Kijiwe kimoja kilichosahaulika chaweza kumfanya farasi achechemee na kipindi kikaishia hapo.

Bandani ndiko mzazi naye huelewa kwa nini mchezo huu ni ghali. Farasi wa kilo 450 hula kilo saba hadi tisa za nyasi kavu kila siku, awe amepandwa au la. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane. Halafu kuna chanjo ya maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi. Punda milia hubeba virusi vya maradhi hayo bila kuonekana mgonjwa, lakini farasi asiyechanjwa aweza kufa kwa siku chache.

Masomo bila hatamu

Masomo ya mwanzo juu ya farasi huendeshwa kwa kamba ndefu. Mwalimu husimama katikati akishika kamba, farasi huzunguka, na mwanafunzi hana hatamu mkononi. Ataambiwa aweke mikono kiunoni, kisha ainyooshe kama mabawa, kisha afumbe macho na kutaja ni mguu gani wa farasi unaokanyaga.

Kunyimwa hatamu kuna sababu. Lijamu hukaa kinywani mwa farasi juu ya ulimi, kwenye pengo la ufizi usio na meno. Anayepoteza uwiano na kujishikiza kwa hatamu anamuumiza farasi mahali hapo, naye farasi hujibu kwa kurusha kichwa au kusimama ghafla. Kwa hiyo mwili hutulizwa kwanza, mikono hupewa kazi baadaye. Mgiriki Xenophon aliyeandika kuhusu ufundi huu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alikuwa tayari akionya kwamba farasi hashughulikiwi kwa hasira.

Kaida ya kukaa haina fumbo: sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Miguu hukanyaga vikuku kwa sehemu pana ya mbele ya wayo. "Visigino chini!" ndiyo amri inayosikika kuliko nyingine zote uwanjani. Kisigino kikiwa chini, kifundo cha mguu hupokea mishtuko. Kikipanda, mguu huteleza ndani ya kikuku, na anayeanguka akiwa amenaswa mguu huburutwa.

Mchakamchaka na shoti

Farasi akitembea, kila mguu hukanyaga kwa zamu yake, kwa mapigo manne. Kwenye mchakamchaka miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, na hapo mgeni hurushwa juu na chini hadi meno yagongane. Dawa yake ni kuinuka na kuketi kwa kufuata mapigo: unainuka bega la nje la farasi linapokwenda mbele, unaketi linaporudi. Wanaoanza huinuka mapema, huchelewa kuketi, na hutua tandikoni kwa kishindo. Wengi huhesabu kwa sauti, moja-mbili, moja-mbili, hadi mwili uchukue hesabu yenyewe. Wakigeuza upande wa kuzunguka, huketi pigo moja la ziada ili wafuate bega jipya.

Shoti ya taratibu ina mapigo matatu, kisha kimya kifupi ambapo kwato zote nne ziko hewani. Katika kona, mguu wa mbele wa ndani ndio unaopaswa kutangulia. Ukitangulia wa nje, farasi huzunguka kwa taabu na mpandaji huhisi anasukumwa pembeni. Watoto wa Lamu waliokua juu ya mgongo wa punda bila tandiko, na kuwaona wakubwa wao wakishindana mbio za punda wakati wa Maulidi, wangeshangaa kuona watu wakilipia somo la uwiano. Uwiano walio nao ndio hasa ambao mwanafunzi wa Karen anautafuta kwa miezi.

Katika hatua hii wengi huona wamekwama. Wiki baada ya wiki ni maduara yaleyale, kusimama na kuondoka, kupunguza mwendo na kuuongeza. Wanaokata tamaa hapa ni wengi kuliko wanaokatishwa tamaa na kuanguka. Lakini mpandaji asiyeweza kumpunguza farasi mwendo kwenye uwanja mtupu hataweza mbele ya kiunzi.

Fito ardhini

Kuruka huanza bila kuruka. Mwalimu hulaza fito chini, zikiachana kwa takriban mita 1.3, na farasi huzipita kwa mchakamchaka, ukwato mmoja katika kila pengo. Mwanafunzi hujifunza mambo matatu: kuja moja kwa moja, kutobadilisha mwendo, na kutazama mbele. Anayeinama kutazama fito hutupa uzito mabegani mwa farasi, na miguu ya mbele hugonga.

Kisha fito mbili huinuliwa na kupishanishwa mfano wa herufi X. Katikati yake ni chini kabisa, hivyo farasi huvutwa kupita hapo. Kiunzi hicho hakizidi goti la mtu mzima, na farasi wengi hukivuka kwa hatua kubwa tu. Kazi ya mpandaji ni kuinua makalio kidogo kutoka tandikoni, kukunja nyonga, na kusogeza mikono mbele shingoni ili farasi apate nafasi ya kunyoosha kichwa. Wanaoanza huambiwa washike singa, kwani ni afadhali kuvuta nywele kuliko kuvuta kinywa.

Mkao huu ni mpya kuliko watu wanavyodhani. Hadi mwisho wa karne ya 19, wapandaji wa Ulaya waliegemea nyuma juu ya kiunzi, miguu mbele, wakivuta hatamu kwa imani kwamba wanamsaidia farasi. Afisa wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa 1868, aliwachunguza farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona kwamba hutua kwa miguu ya mbele na huhitaji shingo huru. Akawafundisha askari wake kuinamia mbele na kumfuata farasi. Alikufa mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, lakini njia yake ndiyo inayofundishwa hadi leo.

Hesabu kati ya viunzi

Mkenya hahitaji kuelezwa sana habari za viunzi. Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, zilizompa Amos Biwott dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968, zimetokana na mbio za farasi. Tofauti ni kwamba kiunzi cha wanariadha hakianguki na chaweza kukanyagwa. Cha farasi kina fito zilizowekwa juu ya vishikizo vifupi ili zianguke zikiguswa. Kwenye mashindano, ufito mmoja ukianguka ni alama nne za adhabu. Farasi akikataa mara ya kwanza ni nne nyingine, na kwa kanuni za kimataifa akikataa mara ya pili ametolewa.

Viunzi vikiwa viwili mfululizo, hesabu huingia. Hatua moja ya shoti ni takriban mita 3.6, na mwalimu huipima kwa hatua zake nne ndefu. Anaacha nusu ya urefu huo kwa kutua, nusu kwa kuruka tena, na katikati huweka hatua nzima moja au mbili. Farasi akija kwa mwendo uleule, hesabu humwangukia sawa. Mpandaji akimkimbiza au kumvuta kwenye hatua ya mwisho, amevuruga kila kitu. Kwa jinsi macho ya farasi yalivyokaa, kiunzi kikiwa karibu kabisa hakioni vizuri. Huruka kwa kutegemea alichokiona hatua chache nyuma.

Wapo watakaoanguka. Kofia iliyogonga chini hutupwa hata kama haina ufa, maana povu la ndani huminywa mara moja tu. Farasi anayekataa mara kwa mara hukaguliwa mgongo, kwato na tandiko kabla ya kuitwa mkaidi.

Urefu si kipimo

Rekodi ya dunia ya farasi kuruka juu ni mita 2.47, iliyowekwa Februari 5, 1949 huko Viña del Mar, Chile, na Kapteni Alberto Larraguibel juu ya farasi Huaso. Haijavunjwa mpaka leo. Mwanafunzi wa kawaida atashindana kwenye viunzi vya sentimita 60, vilivyo chini kuliko vile wanavyoruka wanawake wa riadha, na hapo ndipo kuna mengi ya kujifunza.

Kubwa kuliko yote ni kuamua kutoruka. Mwendo umeharibika, farasi amepinda, hatua haziji: mpandaji aliyefundishwa vyema humgeuza, hupiga duara na kuja upya. Kwenye mashindano duara hilo huadhibiwa, lakini mazoezini ni la bure, na ndilo linalomtofautisha mpandaji na abiria.

Basi mzazi anayetafuta shule asiulize viunzi vyao vina urefu gani. Aende asubuhi, atazame migongo ya farasi kama ina vidonda, amsikilize saisi, kisha akae pembeni ya uwanja. Akimwona mwalimu akishusha fito kwa mwanafunzi ambaye wiki iliyopita aliruka juu zaidi, na mwanafunzi akakubali bila kununa, hapo alipe.