Sarafu Iliyolika Usiisugue

Sarafu nyingi za shaba zinazookotwa pwani yetu zimelika pande zote mbili. Zimepita mikononi mwa wachuuzi, zikalala mchangani, zikaliwa na chumvi ya bahari. Anayeiokota moja huisugua kwa ndimu na majivu ing'ae, na kwa kufanya hivyo huondoa alama zilizokuwa zimebaki. Tabia hii inaniuma, kwa sababu sarafu isiyosomeka kwa macho mara nyingi bado inatambulika.

Watu wengi hukimbilia kuipima. Kipimo husaidia, lakini kwa sarafu za karne ya 19 kinaweza kukuacha njia panda. Sultani Barghash wa Zanzibar alipotoa pesa zake za shaba zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, biashara ya Unguja ilikuwa ikiendeshwa kwa rupia ya India, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Kwa hiyo pesa yake ililingana na sarafu ya robo ana ya India: upana wa karibu milimita 25, uzito wa gramu sita na nusu hivi. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ilitoa yake mwaka 1888 kwa kipimo hicho hicho. Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki nao wakafuata kuanzia 1890. Zikishalika, sarafu hizi hufanana kama mapacha.

Kinachozitenganisha ni mwanga. Zima taa ya chumba, laza sarafu juu ya kitambaa cheusi, kisha shika tochi chini kabisa, karibu ilingane na meza. Izungushe sarafu polepole. Mahali ulipoona shaba tupu patatokea kivuli chembamba: mstari uliolala, na chini yake nyuzi mbili zinazoning'inia. Hiyo ni mizani. Barghash aliiweka kwenye pesa yake, Mombasa wakaiweka, na kabla yao ilikuwapo kwenye robo ana za Bombay za miaka ya 1830.

Geuza upande wa pili. Ukiona mikunjo ya maandishi ya Kiarabu yaliyojaa katikati, hiyo ni ya Zanzibar. Ikiwa ni miale inayotawanyika, ni jua la Mombasa. Simba wawili wakiwa wamesimama kando ya ngao, umeshika ile robo ana ya Bombay, sarafu ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Pesa ya Kijerumani haina mizani. Ina tai, na mabawa yake yaliyotanuka hubaki kuonekana hata kichwa kikishafutika. Piga picha kwa simu kila unapozungusha, kwa maana kivuli cha sekunde moja hakirudi kirahisi.

Senti za kikoloni za Waingereza zenye tundu ni rahisi zaidi, kwani pembe za ndovu zilizochorwa juu yake hudumu. Hata hivyo, usiidharau ya mwaka 1936. Senti tano na kumi za mwaka huo zipo zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti kabla hajavishwa taji.

Sarafu za usultani wa kale wa Kilwa ndizo ngumu, na ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ni ndogo, nyepesi, mviringo wake si kamili, na za shaba hazina mwaka. Lakini mafundi wake walifanya jambo la ajabu: waliandika jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, vina vikilingana. Herufi mbili tatu za mwisho zikisalimika, msomaji wa Kiarabu anaweza kupata pa kuanzia. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na ni maandishi hayo yaliyoonyesha zilikotoka.

Ukiipata moja, isafishe kwa maji safi tu na brashi laini. Unga wa kijani kibichi unaodondoka ni dalili kwamba shaba inaendelea kuliwa. Iweke pakavu, umwonyeshe mtaalamu wa makumbusho. Na ukiiokota Kilwa Kisiwani, andika mahali hasa ilipokuwa, kisha toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu za Kilwa zimo.