Nasaba ya Nyigu Waliozikwa Katika Kaharabu

Mtu aliyepata kuinua kipande cha sandarusi safi juani huenda amemwona ndani yake chungu au mbu, mzima na miguu yake yote, kana kwamba usingizi ulimkuta kiooni. Utomvu ule ulichuruzika kutoka msandarusi, ukafukiwa katika mchanga wa Mrima, na umri wake ni mdogo mno mbele ya ule wa kaharabu, ambayo nayo ni utomvu, lakini umekaa ardhini mamilioni ya miaka hata ukawa kama jiwe. Mjuzi huzipambanua kwa tone la spiriti: sandarusi hunata, kaharabu hubaki kama ilivyokuwa.

Miongoni mwa viumbe waliohifadhiwa na kaharabu, wanaonishughulisha zaidi ni nyigu wadogo waishio kwa kuwadhulumu wadudu wengine. Hawa si vimelea wa desturi, maana chawa na kupe hufyonza damu na aghalabu humwacha mwenyeji wao hai, ilhali mtoto wa nyigu huyu, akishaanguliwa kutoka yai ambalo mama yake amelitia juu ya mwili wa mdudu mwingine au ndani yake, humla mwenyeji wake kidogo kidogo, na hatima ya karamu hiyo ni mauti.

Kumrudishia marehemu wa namna hii nasaba yake ni kazi ya subira. Nyigu aliye hai hupimwa hata chembe zake za urithi. Wa kaharabu hana amana hiyo, kwa hiyo hubaki umbo tu. Fundi husugua kipande kwa msasa laini mpaka uso uwe tambarare, hukipiga eksirei kutoka kila upande ili kompyuta imjenge mdudu upya, kisha huhesabu pingili za vipapasio, hufuata mishipa ya mabawa kama afuataye mito katika ramani, na hutazama kiuno na sindano ya kutagia. Kwa njia ya umbo, mwaka 1937, Charles Brues aliwatenga nyigu wa kaharabu ya Kanada, ambao kiuno chao kina pingili mbili, akawapa familia yao, Serphitidae, ambayo leo haina hata mmoja aliye hai.

Mfano ulio bora kuliko yote umetoka katika bonde la Hukawng, jimbo la Kachin nchini Myanmar, ambako chembe za madini ya zirkoni zimeonyesha kuwa kaharabu ina umri wa miaka milioni 99 hivi. Lars Vilhelmsen wa Denmark, alipomtazama nyigu mmoja wa huko, aliona uvimbe mwishoni mwa tumbo, akadhani ni povu la hewa lililonaswa katika utomvu. Angeweza kuishia hapo. Lakini walipotazamwa wengine, povu lilikuwa pale pale, na katika kila mmoja limefunguka kwa kiasi chake, ndipo ikabainika kuwa ni kiungo cha mwili: vipande vitatu kama makombe, cha chini kina nywele ndefu ngumu, vikifumbana mfano wa ule mmea wa Marekani unaonasa nzi kwa majani yake. Mwaka 2025 yeye na wenzake wa China walimwita Sirenobethylus charybdis, na kwa kuwa hakuingia katika familia yoyote inayojulikana, wakamfungulia mpya. Vielelezo vyote 16 ni vya majike, na kwa hiyo waandishi wale wakaona kuwa kiungo kile kilimshika mwenyeji bila kumponda, mpaka yai litiwe. Kwangu mimi, kule kusita mbele ya povu kunapendeza kuliko ugunduzi wenyewe.

Asidhani msomaji kwamba majina haya ni anasa ya wataalamu. Katika miaka ya 1970 mdudu aitwaye kidung'ata, kutoka Amerika ya Kusini, aliingia Kongo, akaanza kukausha mihogo, na njaa ikabisha hodi. Waliotumwa kumtafuta adui yake huko kwao walikusanya kwanza nyigu wa kidung'ata wa kaskazini mwa bara lile, wakawaleta Afrika, nao wakakataa kuzaana. Kumbe yule wa kaskazini, ijapokuwa kwa macho hutofautiana kidogo tu na wa Afrika, ni spishi nyingine. Mwaka 1981 kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu asiyefika milimita mbili, Anagyrus lopezi, na mwaka huo huo nyigu huyo alifunguliwa katika mashamba ya Nigeria, akapapasa majani ya muhogo kwa vipapasio vyake, akamtambua mwenyeji wake, akatia yai.