Chakula Kinapomdhuru Mtoto: Tusipuuze, wala Tusikisie



Jumapili moja mchana aliletwa wodini kwetu mtoto wa kiume wa miezi 10. Familia yake ilikuwa kwa jirani kwenye sherehe ya ubatizo. Mama mmoja wa jumuiya, kwa upendo tu, alimlisha vijiko vitatu vya wali na mchicha wa karanga. Kabla sahani hazijaondolewa, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, na mwili umejaa mabaka yaliyotutumka kama ya mtu aliyeguswa na upupu. Akatapika mara mbili. Mama yake akampa dawa ya kuzuia muwasho iliyokuwapo nyumbani, kisha akangoja. Haikupita saa moja, mtoto akaanza kukohoa, sauti ikamkauka, na kifua kikawa kinatoa mlio kama filimbi. Alipofika kwetu alikuwa amelegea na midomo ina rangi ya majivu.

Alichomwa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, akapewa oksijeni na maji ya mishipani. Baada ya dakika chache alianza kulia kwa nguvu, na kilio hicho kilitufurahisha sote.

Tulipozungumza na familia taratibu, ilionekana kwamba haikuwa mara ya kwanza. Majuma mawili kabla alionjeshwa uji wa lishe, na midomo ikavimba kidogo. Bibi yake alituambia: "Sista, sisi tulidhani uji ulikuwa wa moto, umemwunguza." Tangu siku hiyo mtoto mwenyewe aliukataa uji ule, wakadhani ni mdeko.

Mwezi huohuo tulikuwa na mtoto mwingine, msichana wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilo 8 tu, miguu imevimba na nywele zimepauka. Huyu hakuwa na mzio wa chakula chochote. Alikuwa na upele wa kawaida uliowashambulia watoto wote wa nyumba ile. Lakini mtu fulani aliwaambia wazazi kwamba mtoto ana "aleji", wakamwachisha mayai, kisha maziwa, kisha samaki, kisha karanga na maharage. Miezi mitano alikula uji mweupe na ugali kwa mchuzi wa nyanya. Upele haukuondoka, bali utapiamlo ulimwingia.

Watoto hawa wawili ndio sababu ya makala hii. Mmoja nusura afe kwa kuwa ishara zilipuuzwa, na mwingine kwa kuwa mzio ulikisiwa. Wazazi hatuna budi kuyaepuka makosa yote mawili.

MZIO WA CHAKULA NI NINI?

Kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na vijidudu vya magonjwa. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosea, ikakiona chakula chema kuwa ni adui. Ni kama mlinzi wa usiku anayemrukia mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Chakula chenyewe hakina sumu; wengine wote mezani wanakila bila shida.

Vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa watoto ni mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga, korosho na jamii yake, soya, ngano, ufuta, samaki, na wanyama wa baharini kama kamba na kaa. Watoto wengi wenye mzio wa mayai au maziwa hupona wanapokua. Mzio wa karanga na wa samaki mara nyingi hudumu.

TUTAUTAMBUAJE?

Kwanza, tutazame saa. Mzio wa haraka hutokea ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula. Pili, tutazame mwili: mabaka yanayowasha na kututumka, kuvimba midomo, macho au uso, kutapika ghafla, kukohoa mfululizo. Tatu, tutazame kama jambo linajirudia kila mtoto anapokula chakula kilekile.

Upo pia mzio wa polepole, hasa wa maziwa ya ng'ombe kwa watoto wachanga. Huu huonekana baada ya saa nyingi au siku: choo chenye damu au makamasi, kutapika mara kwa mara, kutoongezeka uzito. Mtoto wa namna hii apelekwe kwa mganga achunguzwe, maana kuhara damu kuna sababu nyingi nyingine.

Si kila linalotokea baada ya kula ni mzio. Vipele vya joto, upele na ukurutu huja hata pasipo chakula kipya. Baada ya kuharisha kwa muda mrefu, tumbo la mtoto laweza kushindwa kwa muda kusaga sukari iliyomo ndani ya maziwa. Huharisha na kujaa gesi, lakini haliwezi kumziba pumzi. Samaki kama jodari walioachwa juani huweza kuwafanya walaji wawe wekundu na kuwashwa. Mkiona watu kadhaa wamepatwa kwa pamoja, washukuni samaki wenyewe. Na karanga zenye ukungu zina sumukuvu, ambayo ni hatari kwa kila mtu, awe na mzio au asiwe nao.

DALILI ZA HATARI

Mtoto apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja, akionyesha hata moja kati ya hizi baada ya kula:

– anapumua kwa shida, anakoroma, au kifua kinatoa mlio;
– sauti imekauka ghafla, ulimi umevimba, au anashindwa kumeza mate;
– amelegea, amepauka, anasinzia isivyo kawaida au amezimia;
– ana mabaka mwilini na papo hapo anatapika tena na tena.

Dawa inayookoa maisha hapa ni adrenalini, nayo huchomwa kwenye msuli wa paja. Dawa za kuzuia muwasho, kama Piriton, hupunguza mabaka tu. Hazifungui njia ya hewa. Mama wa yule mtoto wa kwanza alipoteza karibu saa nzima akiingoja dawa hiyo ifanye kazi ambayo haiwezi kuifanya.

Mkiwa njiani, mtoto alazwe mikononi, miguu ikiinuliwa kidogo. Kama anapumua kwa shida, apakatwe akiwa ameketi. Akitapika, alazwe ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa. Tafadhali asifungwe mgongoni kwa kanga, maana huwezi kuuona uso wake wala kujua anavyopumua. Asilazimishwe kunywa maziwa, mafuta wala maji ya mkaa, na asitiwe kidole kooni ili atapike. Kukata kimeo au kuchanja chale hakusaidii lolote, na kunaweza kumtoa damu mtoto ambaye tayari hali yake ni mbaya.

Mkifika, semeni kwa sauti mlangoni: "Mtoto amekula kitu, amevimba, hawezi kupumua." Msikae kwenye foleni. Na hata akipata nafuu, kubalini abaki hospitalini kwa saa tutakazowaambia, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya dawa kuisha nguvu.

KUKITAFUTA CHAKULA KINACHOMDHURU

Uji wa lishe ni chakula kizuri, lakini ndani yake mara nyingi mna mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga kwa pamoja. Mtoto akivimba, tutajuaje ni kipi? Kwa yule mtoto tulikaa na mama tukahesabu. Mahindi, ulezi na mchele alikuwa amekula nyumbani bila tatizo. Vikabaki soya na karanga. Mchicha wa jirani ulikuwa na karanga, haukuwa na soya. Hivyo shaka yetu ikaangukia karanga.

Ninyi nanyi mwaweza kutusaidia hivyo. Chukueni daftari, au andikeni nyuma ya kadi ya kliniki: amekula nini, kiasi gani, kilipikwaje, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilikuwa zipi, zilidumu muda gani, na dawa gani alipewa. Mwenye simu ya kupiga picha apige picha ya mabaka, maana mara nyingi yanatoweka kabla hamjafika. Vipimo vya ngozi na vya damu vipo, lakini si kila hospitali inavyo. Tena kipimo peke yake hakitoshi. Maelezo ya mzazi ndiyo msingi.

Jambo moja twalikataza kabisa: mtoto aliyepata mzio wa haraka asijaribiwe tena nyumbani "ili tuone". Mara ya kwanza inaweza kuwa midomo tu, na mara ya pili ikawa pumzi.

KUONDOA CHAKULA BILA KUMDHOOFISHA MTOTO

Kiondolewe chakula kile tu kinachoshukiwa, na pengo lake lijazwe. Asiyeweza karanga apate maharage, kunde, dagaa, mayai na maziwa, kama alikuwa akivila vizuri. Asiyeweza mayai apate dagaa, nyama au maharage. Asiyeweza maziwa ya ng'ombe asibadilishiwe kwa maziwa ya mbuzi, kwa kuwa yanafanana sana na wengi hudhurika nayo vilevile. Mama aendelee kunyonyesha, na aje kliniki tupange pamoja. Mtoto huyu apimwe uzito kila mwezi. Uzito ukisimama, lazima mpango ubadilishwe.

Mtoto mwenye mzio wa mayai apelekwe kwenye chanjo ya surua kama wenzake. Chanjo hiyo ni salama kwake. Mwambieni tu muuguzi habari za mzio kabla ya chanjo yoyote.

JE, TUCHELEWESHE VYAKULA HIVI?

Hapa hatuna budi kukiri kwamba ushauri umebadilika. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto wenye hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka wafike miaka 3. Nasi wauguzi tuliwahi kuwaambia akina mama wangoje mayai mpaka mtoto atimize mwaka. Mwaka 2008 Wamarekani waliuacha ushauri ule. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu wakakatazwa, mpaka umri wa miaka 5. Waliokatazwa, karibu 17 katika kila 100 walipata mzio wa karanga. Waliolishwa, karibu 3 tu katika kila 100.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Baada ya hapo aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya, mayai na karanga vikiwamo. Kila chakula kipya kianze peke yake, kidogo kwenye ncha ya kijiko, kisha kiongezwe. Siku mbili tatu zipite kabla ya kingine. Kianze asubuhi, mtoto akiwa mzima, siku ambayo zahanati iko wazi, si usiku wala safarini. Yai liive kabisa. Karanga zisagwe laini na kukorogwa ndani ya uji. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwani humpalia. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kudhurika na chakula fulani, wazazi wake waje kwanza kliniki.

NYUMBANI NA KWA JIRANI

Mtoto wetu hulelewa na wengi: bibi, dada wa kazi, shangazi, mwalimu wa chekechea, majirani. Wote waambiwe. Karanga hujificha kwenye kisamvu, mlenda, kashata na unga wa lishe wa dukani; mayai na maziwa kwenye maandazi na keki. Ulizeni kabla hajalishwa. Upawa uliotoka kwenye chungu cha mboga ya karanga usiingie kwenye chungu chake. Na sisi tunaopenda kulisha watoto wa wenzetu kwenye sherehe, tumwulize mama yake kwanza; hilo si dharau kwa mtu.

Yule msichana wa kilo 8 alitoka wodini baada ya majuma matano, anakula mayai na dagaa, na upele wake uliisha kwa dawa ya kupaka iliyopakwa nyumba nzima. Yule mvulana sasa anakimbia. Kila anapokuja kupimwa uzito tunaiona kadi yake, ambayo mama ameiandika juu kwa kalamu nyekundu: HALI KARANGA. Bibi yake hajui kusoma, lakini kila mgeni anapoingia pale nyumbani na kitu mkononi, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kina nini ndani.