Utangulizi: Ndoto na Mchana Wake

Bibi aliyenilea Pangani akiota meno yanamng'oka, siku hiyo hasafiri. Mkoba umeshafungwa tangu jana, nauli iko kwenye fundo la kanga, lakini alfajiri utamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ulimi ukipitapita juu ya fizi kama anayehesabu. "Leo siendi." Basi sisi wajukuu tunatumwa kwa jirani mjane na mkate wa kumimina, sadaka, na tukiuliza kuna nini tunaambiwa tuwahi kabla haujapoa. Kwamba ameota, na ameota nini, tulikuja kuyapata kwa shangazi, wiki kadhaa baadaye.

Nilipoanza kusomea ndoto nilibeba swali moja tu: je, ndoto zile zilikuwa za kweli? Miaka ikapita kabla sijaona kwamba swali lenye manufaa lilikuwa jingine. Ndoto ile ilifanya nini? Iliahirisha safari, ikaamsha watoto, ikampa mjane kifungua kinywa. Hayo yalitokea, yakaonekana na mtaa mzima. Elimu ninayokukaribisha inaanzia hapo, asubuhi, na kitabu hiki kitakaa hapo zaidi kuliko usiku. Ndiyo sababu Sigmund Freud, ambaye kitabu chake cha 1900 wengi hukitaja kwanza, nimempa nafasi ndogo: yeye alitafuta kilichojificha nyuma ya ndoto, mimi natazama kinachoifuata.

Hata maabara haikwepi asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eugene Aserinsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimbandika mwanawe Armond, mtoto wa miaka minane, nyaya karibu na macho, akamwacha alale. Usiku, kalamu za mashine zikaanza kuchora mawimbi kana kwamba mtoto yu macho, kumbe amelala fofofo. Mwaka 1953, yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakatangaza kuwa kuna kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbia chini ya kope. Kwa mtu mzima hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na huchukua karibu robo ya usingizi, na anayeamshwa humo mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Lakini angalia: ilibidi aamshwe, aulizwe. Mashine ilionyesha macho, haikuonyesha ndoto. Tulichonacho mkononi siku zote ni simulizi, na simulizi lina msikilizaji wake.

Waislamu wa pwani wanalijua hili vizuri. Mafundisho ya dini yao yanagawa ndoto mafungu matatu: bishara kutoka kwa Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi yenyewe. Ndoto njema msimulie umpendaye. Ukiota mbaya, jikinge kwa Mungu, tema mate kidogo kushotoni mara tatu, geukia ubavu wa pili, na usimwambie mtu. Nilipokuja kuyasoma hayo nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa kimya cha bibi. Alikuwa akitulinda.

Kuna usiku ambao kimya hakitoshi. Katika kipindi kile cha macho kukimbia, misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, pengine ili tusiinuke tukayatenda tunayoyaota. Akili ikitangulia kuamka, unajikuta macho wazi, kifua kimelemewa, sauti haitoki, na chumbani kuna mtu. Ndilo jinamizi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, watu wa Pemba kisha Unguja walisema wanakabwa vitandani na pepo aitwaye Popobawa, wakatoka na mikeka kulala nje, pamoja, kuzunguka moto. Watafiti kadhaa wameyahusisha masimulizi hayo na jinamizi, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Misuli inaeleza uzito kifuani. Haielezi kwa nini mtaa mzima uhamie uani, wala kwa nini mwaka ule. Anayesema "ni misuli tu" amefunga kitabu mapema mno.

Na asikudanganye mtu kwamba haya ni ya vijijini au ya wasiosoma. Carey Morewedge na Michael Norton, katika utafiti juu ya abiria 182 wa treni mjini Boston, uliochapishwa mwaka 2009, waliwauliza baadhi yao wangefanyaje kama, usiku wa kuamkia safari ya ndege, wangeota ndege yao inaanguka. Ndoto hiyo ilielekea kuwatia shaka zaidi kuhusu safari kuliko onyo la serikali kuhusu ugaidi. Uzito wake ulikaribiana na ule wa ajali halisi kwenye njia ileile. Niliposoma matokeo hayo nilimwona bibi amekaa katikati yao, mkoba mapajani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya tiba. Barry Krakow na wenzake, mwaka 2001, walichapisha kazi yao na wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono, waliosumbuliwa na ndoto za kutisha. Baadhi yao walifundishwa jambo ambalo ukilisikia utadhani ni la kitoto: chagua ndoto ya kutisha, ibadilishe utakavyo, kisha irudierudie hiyo mpya akilini mchana, dakika chache kila siku. Ndoto mbaya zikapungua, usingizi ukatengemaa. Mchana nao, kumbe, una mkono wake ndani ya usiku.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, weka daftari na kalamu karibu na mto. Ukiamka usikurupuke, usiguse simu. Andika ulichoota, hata kama ni neno moja. Usiku rudi kwenye ukurasa uleule uongeze mambo mawili: umemsimulia nani, na leo umefanya nini ambacho usingekifanya. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kwanza bado ninao. Juu nimeandika: bibi, kivukoni, anasubiri pantoni. Chini, kwa wino mwingine: nimempigia simu shangazi, hatujazungumza tangu Ramadhani.