Mjue Nondo Anayezaa Viwavijeshi



Mwaka wa 2017, wakati wa mvua ndefu, wakulima wa magharibi mwa Kenya waliona viwavi wameingia katika moyo wa mahindi na kukaa humo. Wazee wengi walisema, "Hawa ni wale viwavijeshi wa zamani." Lakini sio wale. Wale wa zamani huja kwa makundi makubwa, hutembea pamoja chini, wanakula nyasi na nafaka, halafu wanakwisha. Hawa wapya asili yao ni Amerika. Walionekana Afrika mara ya kwanza mwaka wa 2016, upande wa magharibi wa bara, na mwaka uliofuata wakafika kwetu. Tangu hapo hawajaondoka.

Tunapotembelea vikundi tunaona shida moja inarudi. Pesa ya kikundi inanunua dawa, watu wananyunyiza, na viwavi wanabaki. Mama mmoja alituonyesha nusu ekari yake ambayo alikuwa amenyunyiza mara tatu. Tulipofungua moyo wa mmea mmoja, kumbe kiwavi mnene ametulia ndani, amejifunika kwa kinyesi chake kama mtu na blanketi. Mama akauliza, "Sasa hii dawa ni maji?" Labda haikuwa maji. Ilichelewa tu. Ndiyo sababu leo tunaeleza maisha ya mdudu huyu tangu mwanzo.

1. MZAZI WAKE NI NANI?

Mzazi ni nondo, yaani kipepeo wa usiku. Akikunjua mabawa upana wake ni sentimita 3 na nusu hivi. Mabawa ya mbele ni ya kijivu na kahawia, na ya nyuma ni meupe. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike hana alama ya kuonekana sana. Mchana hujificha katika majani. Usiku huruka, na upepo ukimsaidia anaweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kwa hivyo, hata kama jirani zako wote wamesafisha mashamba, mgeni anaweza kutoka mbali.

Nondo mwenyewe hali mahindi. Anaishi siku 10 hivi, lakini jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000.

2. YAI (SIKU 2 HADI 3)

Mayai hutagwa kwa mafungu ya 100 hadi 200, mara nyingi chini ya jani. Jike huyafunika kwa manyoya laini ya mwili wake, na ukiyaona utafikiri ni ukungu. Hapa adui yuko mahali pamoja, hatembei. Kidole gumba chako kinatosha kumaliza viwavi 100 ambao hawajazaliwa.

3. KIWAVI (WIKI 2 HADI 3)

Viwavi wachanga hukwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama vidirisha. Wengine hujining'iniza kwa uzi na kupeperushwa na upepo hadi mmea wa jirani. Wakikua huingia katika moyo wa mmea. Huko wakubwa hula hata wenzao, ndiyo maana mara nyingi utamkuta mmoja au wawili tu. Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa, na katika hatua ya mwisho anakula kuliko hatua zote za kwanza zikiwekwa pamoja.

Utamtambua hivi: usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za meza.

4. BUU UDONGONI (WIKI 1 HADI 2)

Akishiba, kiwavi huanguka chini na kuingia udongoni sentimita chache. Hapo anakuwa buu wa rangi ya kahawia, hali wala hatembei. Kisha anatoka nondo, na mzunguko unaanza tena. Kwenye joto, yote haya huchukua mwezi mmoja hivi. Penye baridi huchukua muda zaidi. Palipo na mahindi mwaka mzima, kama kwenye mashamba ya kumwagilia, hana likizo.

5. TUFANYE NINI?

- Anzeni kukagua mara mahindi yanapochipuka, kila wiki, asubuhi mapema. Simameni mahali 5 shambani, na kila mahali mwangalie mimea 10. Pondeni mayai na viwavi mnaowaona.
- Mimea ikiwa bado midogo, na 10 au zaidi kati ya hiyo 50 ina vidirisha vipya, hapo ndipo mzungumze juu ya dawa. Muulizeni afisa wa kilimo ni ipi inayofaa, mfuate maandishi ya chupa, na mvae nguo za kujikinga. Mnyunyize jioni au asubuhi, ilenge moyo wa mmea.
- Msinyunyize ovyo. Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya nondo na kuyaharibu. Dawa inawaua hawa wanaotusaidia.
- Lima mapema kabla ya kupanda. Mabuu yakitoka juu, ndege na kuku watashughulika nayo.
- Njia ya sukuma-vuta, yaani desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi ya brakiaria kuzunguka shamba, ilibuniwa na icipe na wenzao kwa ajili ya funza wa mabua. Watafiti waliona kwamba mashamba ya namna hiyo yalikuwa na viwavijeshi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Nyasi hiyo pia ni chakula cha ng'ombe.

Yule mama sasa hungoji kuona matundu. Siku ya pili baada ya Jumapili ni siku ya kuzunguka shamba na watoto, kila mmoja na mistari yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Msimu uliopita tulitumia pesa ngapi kwa dawa? Tulinyunyiza viwavi wakiwa na umri gani?
2. Nani kati yetu amewahi kuyaona mayai ya nondo huyu? Awaonyeshe wengine shambani.
3. Tutagawana vipi kazi ya kukagua, ili shamba la mjane au mgonjwa lisiachwe?